Ijaribu kwa Jina la Mwang'onda

Programu inayopokea maandishi ya watu haipimwi kwa uzuri wa skrini. Ipime kama karani wa kakao huko Mwaya, aliye kwenye mizani, foleni ya wenye kakao ikimsubiri, simu yake kioo kimepasuka. Mwanafunzi akikuletea kazi yake ya kwanza, kaa kwenye kiti cha karani huyo, uandike.

Anza na jina Mwang'onda. Programu ikianguka, jina limechomekwa ndani ya amri ya hifadhidata, na ritifaa yake (') imeikatiza amri katikati. Dawa ni kupeleka jina kando ya amri, penye nafasi yake pawekwe alama ya ?. Wapo wanaoifuta ritifaa tu, na daftari linajaa akina Mwangonda. Huo naona ni ufundi duni kuliko kuanguka. Iliyoanguka angalau imesema.

Sasa andika jina lilelile kwa ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe. Programu nzuri itampata mtu yuleyule. Tena ritifaa hiyo ikiingia kwenye SMS ya risiti, nafasi ya ujumbe mmoja hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, na gharama inaweza kupanda bila anayelipa kujua sababu.

Uzito ndio wenye mitego. Katika Python, int hupokea "45" hata ikifuatwa na nafasi tupu, lakini hukataa "45.5". Mwanafunzi hukimbilia float, akadhani amemaliza. Mwandikie nan, yaani "si namba": float inaikubali, na jumla ya kilo za siku nzima inageuka nan. Mwandikie -45: nayo inapita. Kisha 12,5: ni kumi na mbili na nusu, au mkono umeteleza kwenye 125? Hapo programu iulize. Kubahatisha ni kucheza na fedha ya mkulima.

Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea.

Saa je? Karani akiandika 2:00, huenda ni saa mbili asubuhi, ambayo kompyuta huiita 08:00. Aliyelifikiria hili kabla hujamuuliza, mpe kazi nyingine.

Mwisho soma onyo la programu. "Ingizo batili" halimsaidii mtu. "Andika uzito kwa tarakimu, mfano 45.5" linatosha, mradi jina lililokwisha kuandikwa libaki palepale, karani asilirudie.