Habari za Wimbo wa Chemirocha

Mwezi huu twaleta mbele yenu wimbo mmoja mfupi ambao, kwa maoni yetu, umesifiwa sana kwa sababu isiyostahili. Jina lake ni Chemirocha. Uliimbwa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis wa Kenya, na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Aliyeunasa ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo za wenyeji.

Jina hilo lilitoka mbali. Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 huko Mississippi, Marekani, akafanya kazi ya kushika breki katika magari ya reli, kisha akaugua kifua kikuu. Mwaka 1927 alianza kuimba katika sahani za santuri, zile nyeusi zivunjikazo upesi, zizungukazo mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukiisha kwa dakika tatu hivi. Alifariki mwaka 1933. Ustadi wake ulikuwa kuirusha sauti kutoka kifuani hata juu kooni na kuirudisha ghafula, kama mchungaji aitaye ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mtu asiyejua neno moja la Kiingereza aliweza kuifuata sauti ile katika gramafoni. Ulimi wa Kikipsigis ukamfanya Rodgers kuwa Chemirocha, jina lianzalo sawasawa na la Chemutoi mwenyewe.

Basi Tracey alieleza kwamba wasichana wamemgeuza mtu huyo kuwa kiumbe, nusu mtu na nusu paa, mfano wa mungu, nao wamsihi acheze na kuruka hata nguo zimwanguke. Maelezo hayo yalienea duniani kuliko wimbo wenyewe, na wageni hustaajabu: ati wanakijiji wameabudu sauti iliyotoka sandukuni!

Sisi hatukubali. Usikilizeni wimbo. Nyuzi za chepkong, kinanda cha Wakipsigis, zarudia fungu moja fupi pasipo kuchoka, na juu yake zapita sauti nyembamba za wasichana, mmoja akitangulia, wengine wakiitikia. Hatusikii humo sauti ya kuruka ya Rodgers, wala gitaa lake. Wamechukua jina, na habari ya mtu achezaye. Yaliyobaki yote ni yao.

Nasi wa njia ya misafara twaijua kazi hiyo tangu zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyekwenda toka Bagamoyo hata Ujiji na mzigo wa frasila mbili begani, kirangozi akianzisha na wenzake wakipokea, aliimba kila jambo jipya aliloliona njiani. Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora yetu, mwaka 1857, aliandika kwamba walimwimba hata yeye, tena si kwa sifa. Je, yuko aliyesema kwamba wapagazi walimwabudu Burton? Hakuna. Walimcheka, na mzigo ukawa mwepesi kidogo.

Wasichana wa Kapkatet nao twaona wanacheka. Nguo zimwanguke! Hayo si maombi, bali ni utani wa wasichana juu ya mchezaji ajionaye hodari. Tracey alikuwa na sikio jema, wala hatumnyimi shukrani, maana bila yeye wimbo huu usingetufikia; ila katika neno hili alipewa mzaha akaupokea kama dini.

Tena ziko nyimbo tatu zenye jina hilo, na mbili za kwanza zimeimbwa na wanaume. Hizo hazisemwi na mtu, kwa kuwa hazina paa. Twawasihi wenye kuzipata wazisikilize zote tatu pamoja.

Mwaka 2015 habari zilienea kwamba nakala za nyimbo hizo zimerudishwa kwa Wakipsigis, zikapigwa mbele ya wazee na wajukuu. Wao ndio wa kuulizwa, kwa kuwa lugha ni yao. Swali letu la kwanza lingekuwa lile la nguo.