Picha iliyoandikwa "Ulanga": namna ya kujua ilipigwa wapi

Mtu akikuletea picha ya zamani ya Bonde la Kilombero, igeuze kwanza. Ukibahatika, nyuma utakuta neno moja: Ulanga. Au Mahenge. Usifurahi mapema. Enzi ya Wajerumani, Mahenge haikuwa mji wa mlimani peke yake, ilikuwa wilaya nzima. Ulanga ulikuwa mto, likawa bonde, na chini ya Waingereza ikawa wilaya iliyobeba hata Ifakara. Aliyeandika neno hilo alikuwa akimwandikia mama yake Bavaria, au mkuu wa shirika lake Luzern. Hakuwaza kwamba iko siku mkazi wa Viwanjasitini, pale Ifakara, atataka kujua ni mtaa gani.

Zanzibar kazi hii ina unafuu. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na mbele yake ulisimama mnara wa peke yake hadi manowari za Uingereza zilipoushambulia mji tarehe 27 Agosti 1896. Jumba lilipotengenezwa mwaka uliofuata, mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Basi mnara ukiwa umejitenga, picha ni ya kabla ya vita vile. Ukiwa umeshikamana na jumba, ni ya baadaye. Na kama mnara haupo pamoja na sehemu kubwa ya upande wa mbele, picha imepigwa baada ya Desemba 2020, jengo lilipoporomoka. Mji wa mawe hujitolea ushahidi wenyewe.

Ifakara haikujengwa kwa mawe. Nyumba nyingi katika picha za zamani za bonde hili ni za miti na udongo, zimeezekwa kwa nyasi, na nyumba ya namna hiyo ikikaa miaka kumi na tano bila kufanyiwa ukarabati mkubwa imejitahidi. Kwa hiyo anayeanza kwa kuitafuta nyumba ameanza na kitu kilichokwisha zamani. Katika bonde hili nyumba huulizwa mwisho.

Picha zenyewe ziko mbali. Za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyekuwa Afrika Mashariki hadi Vita Kuu ya Kwanza, zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilitoa zaidi ya picha 80,000 za aina zote kwenye Wikimedia Commons, na watu wa kawaida wakaanza kuonyesha makosa katika maelezo yake. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Lakini kwa Ifakara yenyewe mimi ningeanzia Uswisi. Wakapuchini wa huko walichukua misheni za eneo hili kuanzia 1921, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa. Kisha akaja Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, aliyefika Ifakara mwaka 1949 na kuanzisha maabara mwaka 1957. Maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Picha za watafiti nazithamini kuliko za wasafiri. Msafiri anatafuta mandhari, lakini mtu anayetafuta papasi anatazama sakafu, kuta na uvungu wa kitanda, na ana mazoea ya kuandika tarehe.

Haya, picha iko mezani. Tuanze na milima, ila tujue mpaka wa msaada wake.

Ifakara ni bapa, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi unasimama ukuta wa Udzungwa. Ng'ambo ya mto, kusini, ipo milima ya Mahenge. Tofauti hiyo peke yake inachuja mengi. Picha iliyoandikwa "Mahenge" yenye mivumo na uwanda unaokwenda hadi macho yanachoka haiwezi kuwa ya mji wa Mahenge, ulio juu mlimani kwenye takriban mita 1,000. Imepigwa bondeni, ndani ya wilaya iliyoitwa kwa jina hilo.

Hatua ya pili ni kuchora mstari wa vilele kwenye karatasi ya kupenyeza nuru, kisha kuulinganisha na ule unaotokea kwenye Google Earth ukijiweka usawa wa ardhi. Programu hii hutegemea vipimo vya mwinuko, na vya maeneo mengi ya dunia vilichukuliwa na chombo cha Endeavour Februari 2000. Milima haijasogea tangu Dobbertin, kwa hiyo mstari utalingana. Hapo ndipo wengi wanaposhangilia, na hapo ndipo hesabu inapowasuta.

Chukua kilima kilicho kilomita 10 kutoka kwa mpiga picha, na nyuma yake kilele kilicho kilomita 30. Mpiga picha akisogea mita 100 kulia, kilima cha karibu kitaonekana kuhama kushoto ya kile cha mbali kwa digrii 0.38 tu. Kwenye filamu ya milimita 35 na lenzi ya milimita 50, hiyo ni theluthi moja ya milimita. Ukichapa picha kwa upana wa sentimita 15, utapata tofauti ya milimita 1.4. Karatasi ikiwa imejikunja kidogo kwa unyevu, na bondeni hakuna karatasi isiyojikunja, mita zako 100 zimepotea. Sasa linganisha na mwembe ulio mita 60 mbele ya kamera. Mpiga picha akisogea mita moja tu, mwembe unahama karibu digrii nzima dhidi ya mlima, yaani zaidi ya milimita 3 kwenye picha ileile. Milima inakuambia kamera ilitazama wapi. Ilisimama wapi, utaambiwa na vitu vya karibu.

Nchini Ethiopia, watafiti pamoja na Jan Nyssen wa Chuo Kikuu cha Ghent walirudia picha za milima ya kaskazini zilizopigwa na wanajeshi wa Uingereza mwaka 1868, na kuonyesha kwamba baada ya miaka 140 miti ilikuwa imeongezeka. Kule kazi iliwezekana kwa sababu majabali ya karibu na vilele vya mbali vyote vilikuwepo bado. Mpiga picha wa Ifakara alisimama kwenye uwanda wa mchanga na tope. Mawe hayapo, nyumba zimekwisha. Kilichobaki kati ya mtu na mlima ni miti mikubwa, njia, maji na vichache vilivyojengwa kwa tofali la kuchoma.

Maji ndiyo yanayotumiwa kidogo kuliko yote, nami ndiyo ninayoyapenda zaidi. Kivuko cha Mto Kilombero, pale Kivukoni kusini ya mji, ni mahali ambapo kila mgeni aliyekuwa akienda Mahenge alisubiri, na mtu anayesubiri hutoa kamera. Tuseme una picha ya pantoni, maelezo hakuna. Swali la kwanza: kamera ilikuwa ng'ambo ipi? Mto unapita hapo ukielekea mashariki kwa ujumla. Ukisimama ng'ambo ya Mahenge na kutazama kaskazini, maji yanatoka kushoto kwenda kulia, na nyuma unaona Udzungwa. Ukisimama upande wa Ifakara, maji yanatoka kulia kwenda kushoto, na nyuma ni milima ya Mahenge. Mkondo unasomeka hata katika picha isiyo na mwendo: povu nyuma ya nguzo, mtumbwi uliofungwa na kulalia upande maji yanakoelekea, waya wa pantoni, kama upo, uliopinda. Sasa ukiona ukuta wa Udzungwa nyuma na mkondo unakwenda kushoto, usimlaumu Mungu kwa kugeuza mto. Negativu ndiyo iliyogeuzwa ilipochapwa.

Makosa ya kugeuza ni mengi, hasa kwa negativu za kioo za zamani na slaidi. Pahala pasipo na mto, tazama watu. Shati la kiume hufungwa upande wa kushoto juu ya wa kulia. Kanga ina maandishi. Ukishindwa kuyasoma hata kwa kioo cha kukuzia, jaribu kuyasoma kwenye kioo cha kujitazamia.

Ila usiamini kona za mto. Kilombero huhama kila masika, hukata kingo na kuacha vidimbwi vyenye umbo la mundu, na kona nzuri unayoiona kwenye setilaiti leo huenda haikuwepo mwaka 1930. Kivuko hudumu mahali pake kwa sababu barabara mbili zinakutana hapo. Hata hicho nacho kimekwisha. Kivuko MV Kilombero II kilizama Januari 2016, na daraja la mita 384 likafunguliwa na Rais Magufuli Mei 2018. Gati ambalo magari yaliwahi kupanga foleni limekuwa mahali pa kutafutwa kwenye picha, na hakuna aliyezeeka.

Kivuli kinahitaji uangalifu. Vitabu vya Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini. Ifakara iko digrii 8 kusini ya ikweta, na kwetu maneno hayo ni kweli kwa miezi minne na nusu tu. Jua hupita utosini katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari. Kati ya siku hizo mbili, kivuli cha saa sita kinaelekea kaskazini. Miezi iliyobaki kinaelekea kusini. Mwezi Juni mti wa mita 10 una kivuli cha adhuhuri cha mita 6. Desemba hakifiki mita 3. Hivyo, ukijua ukuta wa kanisa umeelekea wapi, kivuli chake kinakupa saa au mwezi, na ukijua mwezi, kinakupa upande. Uwanja uliojaa maji na mpunga mchanga unakusogeza kwenye masika. Kivuli kifupi kinachokwenda kaskazini kwenye picha ya mafuriko ya Aprili kinakuambia urudi kwenye dira yako.

Tarehe hupatikana zaidi kwa kile kisichoonekana. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, na kwenye uwanda huu tuta lake ndilo kilima peke yake kilichoko karibu. Ukiwa na hakika ya upande kamera ilipotazama, na tuta lilipaswa kuonekana lakini halipo, picha ni ya kabla ya Wachina. Mashamba ya mitiki ya kampuni iliyoanza mwaka 1992 yanapiga mstari mwingine.

Majina ya vijiji ndiyo mtego mbaya kuliko yote. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa bonde hili katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Watu walihama, na mara nyingine jina likahama nao. Anayechukua jina la mwaka 1935 na kulitafuta kwenye ramani ya leo anaweza kupata kijiji halali, chenye watu na mwenyekiti, kilomita nyingi kutoka mahali pa picha. Dawa yake ni ramani za zama zilezile. Ipo ramani ya Kijerumani ya Sprigade na Moisel, ya kipimo cha 1:300,000, na baada yake zile za Waingereza za 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege. Picha hizo za ndege, ukizipata, ni bora kuliko ramani, maana zinaonyesha hata kivuli cha mwembe.

Na mwembe ndio shahidi niliyekuwa nikimwendea muda wote. Huishi miaka mia na zaidi, huota kando ya makazi, na matawi yake makuu hayabadilishi mahali yalipogawanyika, hata shina likinenepa mara tatu. Lakini kumpata kunataka wazee, na wazee wanataka kuulizwa vizuri. Ukimwonyesha mzee picha ukamwambia, "Shikamoo babu, hapa si sokoni pa zamani?" atakuitikia marahaba kisha atakubali, kwa adabu tu. Mpe picha isiyo na maandishi, uulize kilichomo: "Mwembe huu ulikuwa wa nani? Watu walichota maji wapi?" Akikujibu kwamba njia ile ilishuka kisimani, na mwingine wa mtaa wa mbali, aliyeulizwa siku nyingine bila kumsikia wa kwanza, akataja kisima hichohicho, umepata kitu. Akina mama huulizwa mara chache, wakati wao ndio waliozipita njia za maji kila siku, na ndio wanaokumbuka zilipopinda.

Baada ya hapo unakwenda kusimama. Panga mwembe chini ya ule mlima kama ulivyo kwenye picha, songa kushoto na kulia hadi vilingane, kisha kitu cha tatu, pengine kona ya kanisa, kikuambie urudi nyuma au usogee mbele. Nyumba iliyokufa sasa inaweza kupimwa: umbali wake kutoka kwenye mti, upana wake, ilikotazama.

Matokeo yaandikwe kwa penseli laini nyuma ya picha, au kwenye karatasi iliyoambatanishwa: viwianishi vya mahali, na duara la shaka kwa mita. Andika pia ni kipi kilitokana na hesabu, na kipi kilitokana na maneno ya watu. Picha ambayo mahali pake hapakupatikana iandikwe upande kamera ilipotazama na mlima ulioonekana, ili mwenye picha nyingine ya mlima huo azilinganishe.