Mlipuko Usio na Mahali: Jina Moja la Fizikia katika Kiswahili

Watu wengi hawaupokei ulimwengu wa fizikia kwa njia ya hesabu; wanaupokea kwa njia ya majina. Kwa hiyo jina likipotoka, ulimwengu nao hupotoka katika fikra za msomaji. Mfano ulio wazi ni «Mlipuko Mkuu», jina linalotumika katika maandishi ya Kiswahili kwa nadharia ya mwanzo wa ulimwengu.

Nadharia hiyo haikuzaliwa na jina hilo. Mwaka 1927, padre Georges Lemaître, profesa wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza katika hali ya msongamano mkubwa, aliyoiita atomu ya mwanzo. Jina «Big Bang» lilitamkwa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, mwanafizikia Mwingereza aliyeipinga nadharia hiyo. Hivyo jina la mpinzani likaenea kuliko lile la mwenye hoja.

Tafsiri ya Kiswahili ilizidisha tatizo. Neno la Hoyle lataja mshindo tu. «Mlipuko» hutokana na kitenzi «lipuka», nacho hudai mambo matatu: kitu kinacholipuka, mahali kinapolipukia, na nafasi ya nje inayopokea vipande. Mkazi wa Goma aliyeshuhudia Nyiragongo ikilipuka mwaka 2002, na tena mwaka 2021, anajua kwamba moto ulitoka mlimani ukashukia mji. Mtu huyo ana haki ya kuuliza: mlipuko wa ulimwengu ulitokea wapi? Fizikia hujibu kwamba ulitokea kila mahali, kwa kuwa nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka. Mionzi hafifu iliyotangazwa na Penzias na Wilson mwaka 1965 hufika karibu sawasawa kutoka pande zote za anga. Haina upande mmoja inakotoka.

Steven Weinberg, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu dakika tatu za kwanza za ulimwengu, alitumia lugha ya mlipuko, lakini alionya papo hapo kwamba huo si kama milipuko ya duniani. Bahati mbaya ni kwamba jina husafiri upesi, na onyo hubaki nyuma.

Hata hivyo, si rahisi kulifuta jina lililokwisha kuzoeleka. Mwaka 1993 jarida la Marekani, Sky & Telescope, lilifanya shindano la kulibadilisha. Mapendekezo zaidi ya 13,000 yalipokelewa, na hakuna hata moja lililochukua nafasi yake.

Katika Kiswahili, «Mtanuko wa Mwanzo» lingefaa zaidi. Humkumbusha msomaji donge la unga lenye chachu: kila punje ndani yake huachana na nyingine, wala hakuna punje iliyo kitovu. Mfano huu nao una kasoro, maana donge lina ukingo, na jina lenyewe halitaji joto kali la wakati ule. Mwalimu hana budi kuyasema hayo.

Tofauti si ya maneno matupu. Anayefundishwa mlipuko hujiona kipande kilichorushwa mbali na tukio. Anayefundishwa mtanuko hutambua kwamba mahali anapokanyaga leo napo palikuwamo katika mwanzo huo.