Meru 1951: Amani Isiyo ya Wanyonge

Kila kada anayefundisha historia ya Chama hutaja tarehe 7 Julai 1954, na ni sawa atangulize siku ile TANU ilipozaliwa. Lakini mara nyingi tumewaona vijana wetu wakidhani kwamba kabla ya siku hiyo palikuwa na usingizi tu, na watu wachache wa mjini waliokuwa wakiandika barua. Kwa hiyo tumeona ni vyema kukirudia kitabu kidogo kilichotoka Nairobi mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Kinaitwa The Meru Land Case, na kimeandikwa na Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Tunakisifu kitabu hiki. Hata hivyo tuna ugomvi nacho, na tutausema bila kuficha, kwani tunakosoana kati ya watu wa upande mmoja.

Kwanza jambo lenyewe. Wajerumani waliiteka nchi ya Meru kuanzia mwaka 1896, wakawagawia walowezi na makaburu ardhi nzuri ya chini ya mlima. Wameru wakabanwa kati ya msitu wa juu na mashamba ya wageni ya chini. Mwingereza alipoingia hakuuvunja mkanda huo. Mwaka 1947 Tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa taarifa yake juu ya ardhi za Arusha na Moshi, ikapendekeza mipaka inyooshwe. Hebu tulitazame neno hilo "kunyoosha", maana mkoloni alikuwa hodari wa maneno safi. Kunyoosha kulikuwa na maana ya kuwaondoa Waafrika Engare Nanyuki, ili eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la Wazungu watupu, wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa. Wenyewe wapelekwe Kingori, mahali walipopaona pa joto na pasipofaa kwa mifugo yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kilimo bora, lakini kipimo cha nani ataweza kilimo hicho bora kilikuwa rangi ya ngozi.

Wameru wakakataa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Gavana Twining ilipeleka askari. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Hawakurusha hata mkuki. Wala hawakusaidia kazi ile kwa namna yoyote: waliketi, wakangoja wabebwe, wakakataa fidia, na wengi wao wakakataa kuishi Kingori. Halafu wakachanga fedha. Mwaka 1952 Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi ya sheria Moshi, na Kirilo, kijana wa Meru, walisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza huko, karibu miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwezi Machi 1955.

Hapa ndipo ugomvi wetu unapoanza. Waandishi wote wawili walikuwa wajumbe wa safari ile, na kitabu chao kinaliona jambo kutoka kwenye kiti cha mjumbe. Hatuwalaumu, mtu husimulia alikopita. Lakini kijana akikisoma bila mwalimu atafunga kurasa akiamini kwamba mapambano ya Meru yalikuwa hoja nzuri iliyopelekwa kwa wakubwa wa dunia. Sivyo. Hoja ilikuwa nzuri, ndiyo. Mkataba wa udhamini wa mwaka 1946 ulimtaka Mwingereza aheshimu haki za wenyeji juu ya ardhi, na Seaton aliushika mkataba huo kama fundi anavyoshika patasi. Na matokeo? Kamati ya Nne ilikubali azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lilipofika kwenye mkutano mzima wa Baraza Kuu, mwezi Desemba 1952, likakosa theluthi mbili za kura. Ng'ombe wa mlowezi wakaendelea kula majani ya Engare Nanyuki.

Kama hoja peke yake ingekuwa ndiyo nguvu, basi jambo lingekufa siku ile. Halikufa. Habari zake zilitembea mikoani kupitia TAA, na watu wa Ziwa na wa Pwani ambao hawajapata kuuona mlima Meru wakaelewa kwamba yaliyowapata Wameru yangeweza kuwapata wao. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa mkulima aliyewekewa fedha za fidia mezani, nyumba yake ikiwa majivu na watoto wake wakilala kwa jamaa, akaziacha pale pale. Mkulima huyu hakwenda New York. Bila yeye safari ya New York ingekuwa matembezi.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wako wasomi wetu wanaodharau mapambano ya amani. Husema yalikuwa siasa za kuomba. Tuwaulize: anayekataa fidia anaomba nini? Mwezi Juni 1952, mwaka ule ule Kirilo aliposimama New York, wananchi wa Afrika Kusini walianza kampeni ya kuzivunja kwa makusudi sheria za ubaguzi na kukubali kufungwa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa hali ya hatari Kenya, jirani kabisa, nako kiini cha ugomvi kilikuwa ardhi. Hatuwahukumu ndugu zetu wa Kenya walioingia msituni. Kila watu huchagua silaha kwa kadiri ya hali yao. Wameru walijua mkoloni alikuwa akingoja mshale mmoja tu ili awaite wahalifu na aifunge kesi kabla haijasikilizwa. Wakamnyima mshale huo. Kuzuia mikono ya watu 3,000 wanaotazama nyumba zao zikiwaka kunahitaji nidhamu na uongozi, na juu ya nidhamu hiyo tungependa kusoma zaidi kuliko juu ya vikao vya kamati.

Kuna jingine ambalo lingestahili sura nzima. Wameru waliunda chombo chao wakakiita Umoja wa Raia wa Meru. Raia! Kwa kinywa cha serikali walikuwa "wenyeji", watu wa kuhamishwa kwa amri. Wao, mlimani, kabla ya kuwako taifa lenye uraia wa kuwapa, wakajitwalia jina la mtu mwenye haki. Dai la usawa wa rangi lilikuwa tayari limo katika jina hilo.

Tuna neno pia kwa upande wetu wenyewe, maana TANU ilitufundisha tangu mwaka 1962, katika kile kijitabu cha Tujisahihishe, tusiogope kusema. Katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, wako viongozi waliochoma nyumba za wananchi ili wahamie upesi. Haikuwa siasa ya Chama. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi kwa nguvu. Lakini ilitendeka, na nyumba inayoungua haiulizi kiberiti kimetoka kwa nani. Kitabu cha Kirilo na Seaton kilikuwa kimetoka miaka sita tu kabla ya hapo. Tunajiuliza ni maofisa wangapi walikuwa wamekisoma.

Pengine wachache, maana kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya Twining na ya Jaji Wilson. Mwaka 1952 ilikuwa lazima dunia isikie. Mwaka 1967 nchi ilikuwa huru, na msomaji wa kwanza wa habari hizi alipaswa kuwa mkulima wa Leguruki na karani wa kijiji cha Dodoma. Kitabu kingine cha mwaka huo huo, The Freemen of Meru cha Anton Nelson, Mmarekani aliyefanya kazi na ushirika wa Wameru, nacho ni cha Kiingereza.

Leo Ngarenanyuki ni kata ya Halmashauri ya Meru, na wajukuu wa waliofukuzwa hulima humo nyanya na vitunguu. Tunapendekeza kitabu hiki kiwekwe katika Kiswahili kizuri kwa ajili ya vyuo vya Chama na shule za sekondari, na pamoja na maneno ya wajumbe wawili yawekwe maneno ya waliobaki nyuma: waliobebwa, walioacha fedha mezani, wanawake waliookoa mahindi ghalani. Kazi hiyo haingoji. Aliyekuwa na miaka 10 siku nyumba zilipochomwa sasa amepita miaka 80.