Kikundi Kikikubaliana: Juu ya Njia Moja ya Kukusanya Maarifa ya Mazingira Ngao

Watafiti wengi wa maarifa ya jadi ya mazingira huipendelea njia ya majadiliano ya vikundi. Watu wanane au kumi huketishwa pamoja, huulizwa, na jibu walilokubaliana huandikwa kuwa ndiyo elimu ya kijiji. Robert Merton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walipoyabuni mahojiano ya aina hiyo katika miaka ya 1940, walitaka kujua jinsi wasikilizaji walivyoguswa na vipindi vya redio. Elimu ya mto ni jambo jingine.

Tuitazame Ngao, katika Tana ya Chini. Mkulima wa Kipokomo hapo huyangoja maji ya mvua za Mlima Kenya na Aberdare yafurike, yatandaze tope la rutuba, ndipo apande. Huko Ozi, karibu na mlango wa mto, bahari ikijaa wakati wa bamvua huyasukuma nyuma maji matamu yakaingia katika mashamba ya mpunga. Mmoja huhesabu mvua, mwenziwe huhesabu mwezi. Waketishe pamoja uwadai jibu moja, nawe utapata kalenda isiyomfaa hata mmoja wao. Tena, mbele ya wazee, vijana na wanawake aghalabu huitikia tu, na kimya chao huandikwa kuwa ni kukubali.

Kisha kuna lugha. Kikao kikiendeshwa kwa Kiswahili sanifu, neno “mafuriko” hufunika yote mawili: maji yaliyongojwa na maji yaliyoharibu. Ferdinand Würtz, mmisionari wa Neukirchen, mwishoni mwa karne ya 19 alikusanya msamiati kwa Kipokomo chenyewe. Sisi walimu wa Kiswahili tusijidanganye kuwa udugu wa lugha hizi mbili unatutosha.

Jambo hili halingoji. Mabwawa ya Masinga (1981) na Kiambere (1988) yamebadili mwendo wa mafuriko, na waukumbukao mto wa kabla ya hapo wanapungua. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi yataka ridhaa ya jamii. Watu kumi chini ya mwembe si jamii.

Hatusemi vikundi viachwe. Watu wakibishana juu ya jina la mbegu ya mpunga, hapo kikundi hutoa yale ambayo mahojiano ya faragha hayatoi. Iandikwe basi ni nani aliyepinga, kwa neno gani la Kipokomo, na shamba lake liko upande gani wa mto.