Chumvi ya majivu na kube ya dukani

Tukizungumza juu ya mapishi ya wazee wetu, mara nyingi tunasikia hukumu ya haraka: cha kwetu ni kizuri, cha wageni ni kibaya. Sisi hatuikubali. Muhogo na pilipili vilitoka Amerika, na bila muhogo hakuna sombe. Mpunga wa Maniema uliletwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19. Leo nani atamwambia mtu wa Kasongo ya kwamba wali si chakula chake?

Basi tunapoilaumu kube, ile bamama wanavunja mu kila chungu hapa Bukavu, si kwa sababu ilianzia Ulaya. Ni kwa kuwa inazipa sombe, maharagwe na sambaza ladha moja. Ukifumba macho, hujui unakula nini. Tena sehemu yake kubwa ni chumvi, na wenye tansio hawakosekani mu kartie zetu.

Angalieni chumvi ya majivu. Maganda ya ndizi yanakaushwa, yanachomwa, majivu yanatiwa mu chungu chenye matundu na kumwagiwa maji pole pole. Maji yanayotoka chini njo yanatiwa mu maharagwe ao mu sombe, ama yanachemshwa mpaka chumvi yenyewe inabaki. Kazi yake si ladha tu: inalainisha mboga, inaiva upesi, makala hayaishi bure. Ikizidi, mboga inaleta ladha ya sabuni (na si ajabu, kwani majivu na mawese njo vinatengeneza sabuni). Kwa hiyo mpishi anaonja, anaongeza kidogo, anaonja tena. Kube haimwombi mtu aonje.

Bamama hatuwahukumu. Tangu vita vya 1996 watu wengi wamekimbia vijiji vyao na kuingia mjini, wakaacha migomba na bustani za nyuma ya nyumba. Mtu anayepanga chumba kimoja kule Kadutu atachomea wapi maganda? Seleri, tangawizi na kitunguu saumu viko sokoni, lakini kila fungu linataka feza yake. Kube moja, mtoto anatumwa nayo na anarudi mara moja.

Lawama yetu iko kwa wale wanaojiita walinzi wa mila. Siku ya sikukuu wanatoa hotuba ndefu, halafu wanaketi mbele ya sombe ya kube tatu na kuisifu ya kwamba ni ladha ya kijijini. Na wakiandika, wanatupangia majina ya majani na viungo bila kipimo: maganda kiasi gani, maji kiasi gani, yatiwe wakati gani. Mpishi atafanya nini na majina matupu?

Msomaji mwenye bibi anayejua kazi hii amuulize wiki hii hii: maji ya majivu anayatia mbele ya mawese, ao nyuma?