Bao la Kujifunza na Bao la Simu

Bila shaka umewaona vijana wetu wa hapa Bagamoyo, na wa Mapinga na Bunju njia ya kwendea Dar es Salaam, wameinamia simu wakicheza bao na mashine. Mchezo ni huu huu wa mabaraza yetu: mashimo 32, kete 64, nyumba, kichwa na kimbi. Ila kabla ya kuanza, simu humwuliza mchezaji ataka daraja gani: rahisi, ya kati au ngumu. Swali hilo ndilo nitakalo kulizungumza, kwani watoto hulijibu kwa pupa, na mashine yenyewe hulijibu vibaya.

Programu za namna hii kwa kawaida hudhoofishwa kwa njia mbili: ama huzuiwa zisitazame mbele, ama huachiwa zicheze kwa kubahatisha. Basi katika daraja rahisi mashine humtilia mtoto kete mdomoni. Naye hula, akala tena, akafurahi. Amejifunza nini hapo ila uroho? Akipanda daraja ngumu na uroho ule ule, nyumba yake husafiri mapema, kete zikatawanyika, na kabla hajamaliza kunamua amekwisha fungwa mkononi. Hapo husema mashine ina hila. Haina hila yoyote. Ni yeye aliyezoezwa kucheza na asiyecheza.

Wazee walilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Walipotaka kumrahisishia mwanafunzi hawakumletea mchezaji mjinga, bali walimwekea bao la kujifunza: kete zote 64 hutandazwa tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo, hakuna kete za mkononi wala kunamua. Mchezo umepunguzwa, lakini haukuharibiwa. Sisi walimu wa chuoni twaijua njia hiyo. Mtoto huanza na alifu, be, te. Tumempunguzia, naam, lakini herufi zile chache twamtaka azitamke sawasawa, wala hatumsifu akikosea ili moyo wake upoe.

Akihamia bao la Kiswahili lenyewe, mambo hugeuka, na yampasa naye ageuke. Sasa kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni, sita za nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 ziko mkononi. Tena kula ni lazima: ukiwa na pa kula huna ruhusa ya kutakata. Hapa ndipo fundi anapomkamata mwenye uroho. Humwachia kete makusudi, akijua kwamba atalazimika kuzila, na mzunguko ule utamharibia mpango wake. Kwa hivyo aliyekuwa akijiuliza, "Nitakula wapi?" hana budi sasa kujiuliza, "Nikishakula hapa, yeye atakula wapi?" Na mzunguko ukimfikisha nyumbani wakati wa kunamua, asisafiri kwa kuwa tu njia i wazi. Kulala huko, na nyumba ikanenepa, mara nyingi kuna faida kuliko safari. Lakini nyumba iliyonenepa mno nayo ni karamu ya adui, akiipata. Kuyapima haya mawili ndiko kucheza. Alex de Voogt, msomi wa Kiholanzi, aliuchunguza umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar na kuutolea kitabu mwaka 1995. Basi wengine wamelistahi bao letu kuliko sisi tunaoliita mchezo wa wasio na kazi.

(Wanaotia fedha juu ya bao siwasemi leo. Hiyo ni kamari, na hukumu yake yajulikana.)

Walakini lawama yote tusiitupie simu. Wako mafundi barazani ambao kijana akiketi mbele yao humfunga mkononi mara tatu, wakacheka, wakamwita mwingine. Huko si kufunza. Na wako babu wanaojifungisha kwa mjukuu wao kwa mapenzi, nao hufanya kosa lile lile la mashine. Fundi wa kweli hucheza kwa nguvu zake, kisha huzirudisha kete pale kijana alipopotea na kumwuliza: "Kwa nini ulikwenda kushoto?" Simu yaweza kumwambia kwamba amefungwa, swali kama lile, lenye kungojea jibu, ndilo linalokosekana. Kwa aliyekwisha kulijua bao, daraja ngumu ya mashine ina faida, maana haichoki wala haioni haya kushindwa, na ndugu zetu walioko Maskati au London huenda wasipate wa kucheza naye. Lakini mtoto wa Kaole au wa Mlingotini hana udhuru huo, wala babake hana.

Na ubao usipopatikana, mashimo 32 mchangani na komwe 64 zatosha. Komwe zikikosekana, kokoto.